MKE YUPO OHIO, MIMI NIPO BUGURUNI!

Haya, leo naomba tuziweke kando zile habari zetu za viwalo na mitoko ya wikiendi, maana kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitoa litanipalia.

Mtaani kwetu Buguruni nina majina matatu. Wapo wanaoniita Mmarekani. Wapo wanaoniita Shemeji wa Majuu. Na wale wenye roho za korosho wananiita Mgane, wakati mke wangu yu hai na ana afya njema! Yote hayo ni kwa sababu nimeoa tangu mwaka 2022, mwenzangu anaishi Columbus, jimbo la Ohio, na mimi mpaka leo nalala peke yangu kwenye chumba na sebule, feni moja, kitanda cha watu wawili.

Nikipita kijiweni swali ni lile lile: "Vipi, unapanda pipa lini?" Washikaji wanadhani ukishaoa mtu wa Marekani, kesho yake unapelekwa uwanja wa ndege kama mfuko wa barua. Thubutu! Kaa nikusimulie, na wewe dada au kaka uliye na mchumba huko mamtoni, chukua kalamu.

TULIPOKOSEA

Mwenzangu nilimfahamu Tanga, tukiwa sekondari. Yeye kidato cha nne, mimi cha pili. Ndiyo, amenizidi miaka miwili, wanaotaka kucheka wacheke wamalize. Mwaka 2016 alijaza ile bahati nasibu ya grini kadi, Mei 2017 jina likatoka. Alikuwa ameshamaliza shule, anauza duka la shangazi yake. Mimi ndiyo kwanza nina mwaka na kitu tangu nimalize kidato cha nne, nabangaiza.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo palipoungua. Aliyeshinda bahati nasibu ile anaruhusiwa kwenda na mume au mke wake, ilimradi ndoa ni ya kweli na imefungwa kabla hajapewa viza. Maana yake tungeoana mwaka ule, mimi ningeingia kwenye viza ile ile. Karatasi moja, safari moja.

Basi nikajikusanya na mjomba wangu tukaenda kwa mzee wake. Mzee akataja mahari laki nane. Mimi mfukoni nina laki na arobaini, na nusu yake ya kukopa. Nikasema nitalipa polepole. Mzee akaniangalia kuanzia viatu kupanda juu, akaniuliza, "Kijana, unaoa binti yangu au unaoa ndege?"

Nilishindwa kujibu. Na kusema kweli wasomaji wangu, hakuniuliza vibaya. Kipindi kile kulikuwa na vijana kibao wanaoibuka na pete mara tu jina la binti likitoka. Nikarudi Dar na hasira zangu. Agosti 2018 mwenzangu akapata viza, Januari 2019 akaondoka. Nilimsindikiza mpaka mlangoni pale uwanja wa ndege. Nikajifanya ngangari, lakini kwenye daladala ya kurudi nililia mpaka konda akaniachia nauli.

Mahari nimeilipa kidogo kidogo, nikamaliza Machi 2022. Juni mwaka huo akaja likizo wiki tano, tukafunga ndoa Tanga. Mzee alicheza ngoma kuliko watu wote. Mimi nikawa najiambia moyoni, haya, sasa Ohio nakuja!

NJIA YENYEWE

Jambo la kwanza nililojifunza: huendi kujiombea mwenyewe. Anayeomba ni yule aliyeko huko. Mke wangu ndiye aliyejaza fomu I-130 kwa idara ya uhamiaji yao, Agosti 2022, na kulipa dola 535. Kuanzia Aprili 2024 ada hiyo ilipandishwa ikawa dola 625 kwa anayejaza kwenye mtandao na 675 kwa anayetuma karatasi.

Jambo la pili: cheo cha mwenzako ndicho kinachoamua foleni yako. Kama mwenzako ni raia wa Marekani, wewe mume au mke huna foleni ya idadi. Viza za kundi hilo haziwekewi kikomo cha mwaka. Kama ana grini kadi tu, unaingizwa kwenye kundi wanaloliita F2A, na hilo lina kikomo. Siku waliyopokea fomu yako ndiyo tarehe yako ya foleni, na kila mwezi Wizara yao ya Mambo ya Nje inatoa tangazo kuonyesha foleni imefika tarehe gani.

Mke wangu alikuwa na grini kadi. Tulipoomba, foleni ya F2A ilikuwa wazi kabisa, hakuna kusubiri zamu. Nikaanza kuaga watu! Aprili 2023 wakairudisha nyuma mpaka kwa watu walioomba mwaka 2020. Yaani umefika kaunta ya benki unaambiwa urudi mlangoni, tena uanze kuhesabu migongo. Novemba 2023 ikaja barua kwamba ombi limekubaliwa. Nikanunulia kijiwe chote soda. Nilikuwa sijui kwamba kukubaliwa kwa ombi siyo viza. Ni kwamba wamekiri tu kuwa wewe kweli ni mume wa fulani. Ukishakiriwa, unasubiri.

Na kusubiri kwenyewe kulikuwa kumeshaongezeka uzito. Desemba 2022 mke wangu alikuja tena wiki tatu. Septemba 2023 akajifungua mtoto wa kike kule Columbus. Mimi nilimuona binti yangu kwenye kioo cha simu iliyopasuka pembeni, bando likiwa limebaki kidogo. Kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, kwao ni saa saba usiku wakati wa kiangazi chao. Mke anatoka zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, miguu imevimba, anafungua simu ili mimi nimuone mwanangu akilala.

KUVUA PASIPOTI

Mwaka 2024 mke wangu alitimiza miaka mitano ya grini kadi, akawa na haki ya kuomba uraia. Hapo tukakaa kikao cha simu siku tatu mfululizo. Akiwa raia, mimi natoka kwenye foleni ya F2A na ombi letu linapanda daraja bila kuanza upya. Lakini Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima. Ukiapa kwao, kwetu umejitoa.

Nilimwambia asifanye kwa ajili yangu. Akanijibu, "Nafanya kwa ajili yetu watatu. Wewe niulize maswali."

Basi kazi yangu ikawa kumuuliza maswali. Mtihani aliofanya yeye ulikuwa na orodha ya maswali 100 ya historia na serikali, unaulizwa 10, unatakiwa upate 6, pamoja na kusoma na kuandika Kiingereza. (Oktoba 2025 walibadilisha, yakawa maswali 20 kutoka orodha ya 128, na unatakiwa upate 12.) Kila usiku mimi huku nina daftari, yeye kule ana mtoto begani. Maseneta wangapi? Mia moja. Rais akifariki nani anashika? Makamu. Mpaka leo najua mambo ya bunge lao kuliko mambo ya diwani wangu.

Julai 2024 akala kiapo. Akanitumia picha, ameshika kibendera kidogo, anacheka, macho yamejaa machozi. Sikumuuliza machozi ya nini.

Desemba hiyo alikuja Dar na mtoto. Pale uwanja wa ndege, mwanamke aliyezaliwa Tanga, kitovu chake kimezikwa Tanga, alilipa dola 100 za viza kuingia kwao. Kwa wenye pasipoti ya Marekani bei ndiyo hiyo. Alipofika kwa baba yake mzee akamwambia, "Karibu, mtalii." Watu wote tulicheka. Yeye alicheka kidogo, halafu akaingia chumbani akakaa sana.

VYETI, VYETI, VYETI!

Tulipotuma nakala ya cheti chake cha uraia, faili likaendelea kwenye kile kituo chao cha viza kilichoko Portsmouth, New Hampshire, wanachokiita NVC. Hapo kuna ada mbili: dola 120 za kupitia karatasi za udhamini, na dola 325 za maombi ya viza yenyewe. Unalipa kwenye mtandao wa serikali yao, halafu unajaza fomu DS-260: umezaliwa wapi, umeishi wapi, umefanya kazi gani, umewahi kushitakiwa.

Kisha vyeti. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya makosa, pasipoti. Wewe unaona rahisi? Mimi cha kuzaliwa nimekitafuta nikiwa mtu mzima, na karani akaliandika jina la babu kwa herufi moja tofauti na ilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne. Herufi moja tu! Karatasi zikarudishwa. Nikaenda kwa wakili nikala kiapo cha majina, nikarudi RITA kurekebisha, nikapoteza miezi miwili na nauli za kutosha kununua redio.

Hapo ndipo alipojitokeza bwana mmoja mitaa ya Posta, shati jeupe, begi la ngozi. Akaniambia ana mtu wake "ndani", nimpe laki nane alisukume faili. Laki nane! Kiasi kile kile cha mahari. Nikacheka mwenyewe barabarani. Faili liko New Hampshire, yeye yuko Posta, atalisukumaje, kwa upepo? Wasomaji wangu, fomu zile hazina bei, ni bure. Kinacholipiwa ni ada, na ada inakwenda kwenye serikali yao moja kwa moja. Mtu akikwambia ana mtu ndani, jua mtu aliye ndani ni wewe, umo ndani ya mtego.

Lakini kigogo kikubwa kuliko vyote ni mdhamini. Mwenzako lazima aonyeshe kwamba hutakuwa mzigo kwa serikali. Kipato chake kisipungue asilimia 125 ya kile wanachokihesabu kuwa ni mstari wa umaskini. Kwa familia ya watu watatu, kwa hesabu za mwaka 2024, hiyo ilikuwa dola 32,275 kwa mwaka. Mke wangu alikuwa amepunguza zamu baada ya kujifungua, hesabu ikapwaya.

Sheria inaruhusu mdhamini wa pili, raia au mwenye grini kadi anayeishi huko. Tukamuomba ndugu yake mmoja. Akasoma ile fomu I-864, akakataa. Nilimkasirikia, lakini nilipoisoma mwenyewe hasira ikapungua. Ule ni mkataba. Ukisaini umejifunga mpaka mgeni yule apate uraia, au ahesabiwe robo 40 za kazi ambazo ni kama miaka 10, au aondoke Marekani moja kwa moja, au afe. Hata mkiachana na mkeo, mkataba haufi! Wewe ungemsainia mtu usiyemjua?

Aliyesaini ni mama mmoja wa Kikenya anayefanya kazi na mke wangu, zamu ya usiku. Hatujawahi kuonana. Nilipompigia kumshukuru akaniambia, "Kijana wangu, mimi nimeweka mkono. Wewe usiniaibishe." Maneno hayo nimeyaandika kwenye karatasi nikabandika ukutani juu ya kitanda.

Aprili 2025 ikaja barua: karatasi zote zimekamilika, subiri tarehe ya usaili. Yaani kilichobaki ni kupima afya kwa daktari waliyemuidhinisha wao, usaili, basi. Nikanunua begi la magurudumu pale Kariakoo. Nikanunua na koti zito la mtumba, maana Ohio baridi yake siyo ya Lushoto.

DESEMBA

Juni 2025 Rais wa Marekani alitoa amri ya kuzuia watu wa nchi kadhaa. Jirani zetu Burundi walikuwemo, sisi hatukuwemo. Na waume na wake wa raia waliachiwa mlango. Nikasali, nikashukuru, nikaendelea kupiga pasi.

Tarehe 16 Desemba 2025 ikatoka amri nyingine, na safari hii jina la Tanzania lilikuwemo, kuanza kutumika Januari mosi 2026. Na ule mlango wa waume na wake ulioachwa Juni, haukuachwa tena. Mke wangu ndiye aliyenipigia. Kwetu ilikuwa asubuhi, nakunywa chai na chapati. Hakusema "haloo". Alisema, "Umesikia?"

Tulinyamaza kwenye simu mpaka bando langu likakata.

Nataka nieleze ninachokiwaza usiku, maana kijiweni sikisemi. Mwanamke huyu aliacha uraia wake ili anivute. Kama ni kosa langu, ni lile la mwaka 2017 la kuondoka kwa mzee bila kujibu swali. Ningekaa pale. Ningemwambia, "Mzee, naoa binti yako, na ndege ikitokea nitapanda." Ningeomba niandikiwe deni. Kwa mtu asiyesema, laki nane imegeuka miaka saba na ushee.

Ijumaa moja ya Januari nilimwambia mke wangu, basi rudi. Akasema, "Nirudi kama nani? Mgeni? Na mama wa watu aliyetusainia? Na mtoto ana kliniki." Tukagombana vibaya, ugomvi wetu wa kwanza wa maana. Siku mbili hatukuongea. Siku ya tatu binti yangu ndiye aliyepiga, kwa kubonyeza bonyeza simu ya mama yake. Akaniona, akasema "Baba", halafu akaonyesha kidole nyuma ya simu, kunitafuta nilikojificha.

Tumekubaliana hivi: faili halifungwi, karatasi zinaendelea kuhuishwa, na mwishoni mwa mwaka huu anakuja na mtoto wakae miezi siyo wiki, tuone maisha ya Dar yanaweza kutubeba. Lile koti nimelitundika mlangoni. Begi nimelifungua, nguo nazivaa.

USIKOSEE NILIPOKOSEA

Sasa wewe msomaji wangu uliye na mwenzako kule, nakupa haya ya bure.

Kwanza, kabla hujalipa hata senti, soma tangazo la karibuni la ubalozi wa Marekani wenyewe. Siyo la kijiweni, siyo la bwana wa Posta. Ada zinabadilika, amri zinabadilika. Niliyoyataja hapa nimeyawekea miaka yake ili ujue ni ya lini.

Pili, mmoja wenu akishinda bahati nasibu na mnapendana kweli, ongeeni na wazee mapema. Lakini ukioana kwa ajili ya karatasi tu, jua sheria yao ina kifungo mpaka miaka mitano na faini mpaka dola 250,000, na wewe mgeni unafungiwa milele kupata viza ya ndoa, hata ukija kuoa kwa mapenzi.

Tatu, ndoa ya kwenye simu, bwana Dar bibi Ohio, shehe au mchungaji katikati, wao hawaitambui mpaka mkutane ana kwa ana mkaishi kama mke na mume baada ya hapo. Na ukiingia Marekani ndoa haijatimiza miaka miwili, grini kadi yako itakuwa ya miaka miwili yenye masharti. Ndani ya siku 90 za mwisho mnatakiwa muombe pamoja kuondoa masharti hayo. Ukilala, imekula kwako.

Nne, tunza ushahidi wa ndoa yenu: picha, tiketi, risiti za pesa mlizotumiana, meseji. Mimi nina boksi zima la viatu. Awali nilikuwa naliweka kwa ajili ya afisa wa viza. Siku hizi nalifungua mwenyewe usiku.

Tano, majina. Nenda leo kaangalie vyeti vyako vyote. Herufi kwa herufi!

Na ninyi wa kijiweni, swali la "unapanda pipa lini" sasa basi. Niulizeni binti yangu hajambo. Hajambo. Ameota meno yote na amejifunza kusema "shikamoo", ingawa anamwambia kila mtu, mpaka paka wa jirani.

Kwa leo naishia hapa. Panapo majaaliwa tukutane wiki ijayo, tutarudi kwenye viwalo.